Maneno Chini ya Hotuba

Modestus aliuza mbolea na dawa za mifugo pale Kanazi, lakini ukimuuliza alichojivunia, asingekutajia duka. Angekutajia spika. Alikuwa ameziunda mwenyewe, nyumbani kwake, kwa kufuata video alizozitazama kwenye simu na kuzirudia mpaka mkewe, Selestina, akawa anazijua kwa moyo. Hazikuwa zile spika kubwa za kurindima harusini. Zilikuwa mbili ndogo, za kukaa juu ya rafu, na mgeni asiyeambiwa angedhani zimetoka dukani.

Zilimtoa jasho. Mbao zilikuwa mabaki ya mninga aliyoachiwa na fundi samani. Koni za ndani alizifuata Lusahunga, ambako malori ya njia ya Rusumo hulala na kila kinachoweza kuchomolewa kwenye gari kinapata mteja. Boksi la kwanza lilimshinda: pembe hazikukutana, hewa ikavuja, na besi ilipogonga boksi likawa linapiga mluzi. Akalivunja. Akapiga randa upya, akaunga kwa gundi, akaziba nyufa kwa puti, akajaza sufi ndani, akapitisha msasa mpaka mbao zikawa laini kama shavu la mtoto. Kulehemu nyaya alisaidiwa na Derick, fundi redio, rafiki yake tangu shule na msimamizi wake siku ya harusi.

Zilipoanza kuimba, Modestus alikaa kwenye kochi akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwenye redio yoyote: mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kutoa sauti, kidole kikiteleza juu ya waya wa gitaa. Aliwaita majirani mmoja mmoja waje wasikie. Kila aliyekuja alimweleza habari ya hewa, sufi na puti, awe ameuliza au hakuuliza.

Selestina ndiye aliyepata wazo. Mama yake, Agripina, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu: kwenye simu ya Teddy, mdogo wake Selestina. Siku ya harusi Teddy aliiweka simu hiyo mezani mbele ya maharusi ili irekodi hotuba ya baba yao. Baba alipomaliza kuwaombea, mama aliinuka akapiga vigelegele na kuimba wimbo wa Kirundi wa kumuaga binti. Kwenye simu sauti ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, na chini yake kulikuwa na mnong'ono wa watu usioeleweka. Selestina alimwambia mumewe kwamba angependa baba yake amsikie mama vizuri, walau mara moja. Modestus alikubali kabla mkewe hajamaliza kusema. Spika zake zilikuwa zimepata kazi ya maana.

Baba yao, Nzeyimana, alikuja Jumapili baada ya misa, kwa bodaboda kutoka Keza, na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mkulima wa maharage na migomba, aliyevushwa mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Alikulia Keza, akaoa Keza, akawazika wazazi wake Keza. Kiswahili alijifunzia shuleni na sokoni, na herufi l haikuwahi kumkaa vizuri mdomoni, iligeuka r. Modestus alimwamkia shikamoo, mzee akaitika marahaba, akakalishwa kwenye kochi linalotazama rafu. Mjukuu wake, Fabrice, mtoto wa Selestina, akapanda mapajani pake. Teddy alikuwepo na simu yake, Derick naye alikuwepo, maana Modestus alitaka mwenzake aone wanavyopongezwa.

Akaunganisha simu. Akaeleza kidogo habari ya boksi na hewa, mzee akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha akaiwasha.

Sauti ya Nzeyimana wa siku ile ilijaa chumba kana kwamba amesimama kati ya zile spika mbili. "Wanangu," ilisema, "mkae pamoja, mkure pamoja, mrare pamoja, Mungu awarinde." Selestina alitabasamu. Na hapo ule mnong'ono wa chini, ambao kwenye simu haukuwa kitu, ukafumbuka ukawa maneno.

Modestus alikitambua kicheko chake kabla ya kuyatambua maneno.

"Msikie, 'mkure, mrare'," ilisema sauti yake mwenyewe, ya karibu, safi, pumzi zake zikisikika. "Mkimbizi ni mkimbizi tu. Ng'ombe wa baba wa mahari ndiyo hivyo tena, wameenda kuliwa kambini."

Kicheko cha Derick kikafuata. Na juu ya kicheko hicho, kabla hakijaisha, Agripina akapiga vigelegele na kuanza kuimba.

Mkono wa Nzeyimana ulikuwa juu ya kichwa cha Fabrice, ukasimama palepale. Derick aliinuka, akasema kwa sauti ya chini kwamba anakwenda kuangalia pikipiki, akatoka. Modestus alitaka kuizima, lakini aliyekuwa akiimba ni marehemu, na kumkatiza marehemu mbele ya mumewe hakuthubutu. Akabaki amesimama kando ya rafu, wimbo ukaenda mpaka ukaisha.

Mzee akasema taratibu, "Rudisha, nimsikie tena."

Modestus aliichukua simu. Vidole vilikuwa na jasho, na kile kimstari cha kurudisha nyuma kilikuwa chembamba. Aliulenga mwanzo wa wimbo, kidole kikateleza kikapitiliza, na spika zikasema tena, wazi kuliko mara ya kwanza: "Mkimbizi ni mkimbizi tu." Teddy alifunika uso kwa mikono. Modestus angeweza kuomba radhi hapo hapo. Badala yake aliacha vigelegele vya Agripina vimfunike.

Chakula kililiwa. Nzeyimana alimsifu binti yake kwa maharage, akamwambia kwa Kirundi kwamba sauti ile ilikuwa ya mama yake kabisa, kana kwamba alikuwa jikoni. Modestus alielewa kila neno, kwa kuwa Kihangaza alichonyonyeshwa nacho na Kirundi ni ndugu wa karibu, na yeye mwenyewe akikasirishwa na mteja huanza kuchanganya l na r bila kujua. Jambo hilo hakuwahi kulifikiria kabla ya siku hiyo. Mzee alipoaga hakukataa mkono wa Modestus. Aliupokea, akauachia, akapanda bodaboda.

Selestina aliosha vyombo vyote kabla ya kusema chochote. Kwa kawaida alimwita baba Fabrice. Safari hii alimwita kwa jina lake.

"Modestus, siku ile nilikuwa nimekaa ubavuni pako," alisema. "Nilikuona unacheka wakati baba anatuombea. Nikajua ni furaha. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu jinsi ulivyofurahi."

Alijitetea kwamba ulikuwa mzaha wa ujana, kwamba alikuwa amekunywa, kwamba ni Derick aliyeanza. Hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi. Selestina alichukua kitambaa akaenda kumfuta Fabrice miguu.

Wiki iliyofuata Modestus alishindwa kuziwasha spika. Jirani aliyepita dukani kuuliza lini wataalikwa tena kusikiliza muziki alijibiwa kwamba kuna waya umekatika. Alimwomba Teddy nakala ya rekodi akajaribu kuyakata yale maneno kwa programu ya simu. Alikata, akasikiliza, akarudisha. Hayakukatika peke yake. Vigelegele vya Agripina vilianza katikati ya kicheko, na kila alipoondoa kicheko, aliondoa na mwanzo wa sauti yake. Alijaribu mpaka akachoka, kisha akazifunga spika katika khanga, akazipakia kwenye bodaboda, akaenda Keza.

Alimkuta Nzeyimana shambani, anapalilia maharage kati ya migomba. Alimwamkia, akaitikiwa. Hakungoja kukaribishwa kukaa. Alisema kwamba amekuja kuomba msamaha, kwamba hana la kujitetea, na kwamba amemletea spika ziwe zake. Akaeleza pia kwamba alijaribu kuyafuta yale maneno ikashindikana bila kumharibu mama.

Mzee aliegemea jembe. "Kambini sijawahi kuishi hata siku moja," alisema. "Hao ng'ombe wako pare, nyuma ya nyumba. Agripina arikunywa maziwa yao mpaka siku ya mwisho."

Modestus aligeuka akawaona.

"Maneno hayo nimeyasikia tangu utoto," mzee akaendelea. "Shureni, sokoni, kwenye mikutano. Nimeyazoea. Rakini wengine wote warioyasema sikuwapa mtoto wangu."

Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Spika alizikataa. Alisema nyumba yake haina mahali pa kuziweka, na kwamba wimbo ule anataka kuusikia pamoja na watoto wake, si peke yake. Rekodi akamkataza asiiguse. Siku akiwa tayari, atakuja. Kisha akarudi kwenye palizi yake, na Modestus, asiyejua aende au abaki, akaomba jembe la pili. Akapewa. Walipalilia mpaka jua lilipopinda.

Mvua zilikuja zikapita, maharage yakavunwa, na mzee hakuonekana Kanazi. Alikuja Krismasi. Baada ya kula alimwomba Teddy simu, akampa Modestus, akaketi. Modestus aliiwasha, akaelekea mlangoni, kwa kuwa alijua sekunde gani zinakuja.

"Kaa," alisema Nzeyimana.

Akakaa, kwenye kigoda, karibu na rafu. Maneno yale yalipofika aliyasikia yote, kicheko na maneno, mbele ya mkewe na shemeji yake, na mtoto wake ambaye sasa alikuwa ameanza kuuliza maana ya kila neno. Fabrice alimgeukia mama yake akauliza mkimbizi ni nani. Selestina alimtazama Modestus, akangoja ajibu yeye.