Waridi la Kumi na Moja

Nyumba yangu ina ghorofa ishirini na mbili, zote za kioo, nawe ukichungulia kutoka juu unaona moja tu. Umeshindwa? Basi nipe mji, nipe Karlovo yote. Jibu ni picha ya mjukuu wangu Biliana, aliyokuwa akiitengeneza kwa kompyuta mezani kwangu jikoni.

Alinionyesha tabaka zake ishirini na mbili moja moja, zimepangwa kama vioo. Chini kabisa, mbingu ya zambarau. Juu yake mwezi, kisha mwezi wa pili. Kisha kobe anayeelea mawinguni, mgongoni amebeba nyumba zetu za zamani. Kobe mwenyewe tulimpiga picha bustanini akila letusi zangu. Juu kabisa wenye harusi, Yoana na mchumba wake, wameketi ukingoni mwa paa, bibi harusi ameshika mawaridi.

Picha ingesimama mlangoni kwenye harusi yao Jumamosi. Ilikuwa kazi ya kwanza ya Biliana, na mwanangu Rumen, baba yake, alishamwambia: "Watu wakiipenda, endelea. Wasipoipenda, Jumatatu tunaongozana kiwandani kufunga maziwa."

Ijumaa asubuhi akasema, "Imekwisha, Bibi. Mchapishaji anaisubiri saa sita."

Nikavaa miwani. Nikatazama, nikahesabu, nikahesabu tena.

"Kitendawili," nikasema.

"Bibi, sina muda."

"Ukimpelekea maiti, wanakushukuru. Ukimpelekea bibi harusi, wanakufukuza."

Akanitazama. Kisha akaanza kuhesabu mawaridi kwa kidole, na kidole kikasimama kwenye la kumi.

Kwetu Bulgaria maua yakigawanyika kwa mbili bila kubaki ni ya makaburini. Ya furaha lazima libaki moja. Biliana anajua hilo tangu hajaota meno. Lakini alipiga picha mawaridi matano, akaona shada limekonda, akalinakili na kuligeuza. Tano na tano.

"Nani atahesabu, Bibi?"

"Penka."

Penka ni mama wa bwana harusi. Chumvi ikimwagika kwake, hatoki nyumbani hadi kesho yake.

"Basi ondoa moja," nikasema.

"Nilishaziunganisha tabaka zote kuwa moja, nikahifadhi juu ya picha ya mwanzo, ikafutika. Sasa kila kitu kimegandana."

Akajaribu hata hivyo. Waridi likaondoka, na vidole viwili vya Yoana vikaondoka nalo.

"Mrudishie vidole," nikamwambia. "Ana pete ya kuvaa kesho. Kama haliondoki, liongezwe."

Nikashika mkasi, nikatoka kwenda bustanini, nikarudi na waridi moja. Biliana akanisimamisha dirishani, shuka jeupe nyuma yangu.

"Mwanga wa miezi unatoka kushoto. Geuka, Bibi. Zaidi. Usitabasamu, pichani nabakiza mkono tu."

"Nimesuka nywele bure."

Tabu ikawa mahali pa kuliweka. Mkononi mwa Yoana pamejaa. Juu ya paa lilionekana kama limeanguka, na hilo Penka angelisemea wiki nzima.

"Mpe kobe," nikasema.

"Atalihesabu la kobe?"

"Mtu anayetafuta mkosi hahesabu nusu."

Saa sita kasoro dakika nne ikatumwa, kobe akiwa na waridi mdomoni.

Jumamosi Penka alisimama mbele ya picha, amevaa kijani kitupu. Akainua kidole. Biliana alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Kidole kikaenda polepole hadi kumi, kikatulia. Midomo yake ikakazana. Kisha kikashuka, kikampitia kobe shingoni, kikafika mdomoni.

"Kumi na moja," akasema. "Huyu mnyama kalelewa vyema." Akamgeukia Biliana. "Wewe ndiye fundi? Mimi na mume wangu tunatimiza miaka thelathini ya ndoa mwezi wa tisa. Nami nataka kobe. Lakini wangu awe mkubwa kuliko huyu."

Rumen alikuwa nyuma yetu. Akakohoa.

"Jumatatu," akamwambia binti yake, "nitakwenda kiwandani peke yangu, nikitoka nitapita sokoni. Huyo kobe mkubwa nimletee letusi ngapi?"