Maonyesho ya Mshono wa Reath

Pale Atlabara, mtaa wa Juba, Reath alijulikana kwa vitu viwili: mashine yake ya kunyoa, ambayo haikugusa kichwa cha mtu kabla ya kupanguswa kwa spiriti, na mdomo wake, ambao haukuwahi kupanguswa kwa chochote. Ukikaa kwenye kiti chake uliondoka na nywele safi na jina jipya usilolitaka. Mwenye kipara alipoingia, Reath aliinama akachungulia utosi kwa huzuni, akasema, "Kaka, hapa sinyoi. Hapa natafuta."

Siku kidole tumbo kilipomwangusha, alikuwa katikati ya kichwa cha Pal, dereva wa raksha, yaani bajaji. Mashine ikadondoka, Reath akajikunja sakafuni, na Pal, badala ya kuuliza habari ya nywele zake, akambeba akamtupa nyuma ya raksha na kukimbia naye hospitali. Upande wa kushoto wa kichwa uling'aa, wa kulia ulikuwa msitu. Manesi walitaka kumpokea Pal kwanza.

Reath akapasuliwa, akaamka kutoka usingizi wa dawa, na kabla kitanda hakijazoea mgongo wake akaambiwa aende nyumbani. Wodi ilikuwa imefurika, wengine wamelala kwenye ujia, na daktari alimtazama akaona mtu anayetembea, anayekojoa na anayewachekesha majirani zake mpaka nyuzi zao zinauma. Huyo akapumzikie kwao. Nesi alikuja kumpa maelekezo. Bahati mbaya, nesi huyo alikuwa na kicheko kizuri, na Reath akawa na kazi ya kukitafuta. Katika maelezo yote, yaliyomwingia ni mawili: ameze dawa zote, na arudi kutolewa nyuzi. Yaliyokuwa katikati yalipotelea kwenye kicheko.

Nyumbani, mama yake mdogo, Nyabol, aliyemlea tangu walipokuwa Kitale, alikuwa ameshatandika mikeka chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli uani, na shai inachemka. Kwao mgonjwa haachwi peke yake, na salamu za mbali si salamu. Mtu anakuja, anakaa, anamwona mgonjwa kwa macho yake. Wakaja wateja, wakaja watu wa kanisani, wakaja wafanyabiashara wa mtaa wa Hai Jalaba ambao Reath aliwahi kuwaita majina ya mbuzi. Wote wakaketi, wakanywa shai, wakauliza lile moja: "Wamekukata wapi?"

Hapo ndipo alipojiponza. Mtu mwingine angeonyesha kwa kidole. Reath alipandisha shati, akabandua plasta polepole kama anafunua zawadi, na kutangaza, "Sogeeni, walio nyuma waone! Daktari amekuta humu ndani kioo cha boda boda na funguo za mjomba zilizopotea." Ua zima likacheka. Aliyechelewa alifunguliwa tena. Mjomba Gatdet, aliyetoka Rejaf na samaki mkononi, aliweka samaki chini, akafuta kiganja kwenye suruali, akapitisha dole gumba juu ya mshono wote akibonyezabonyeza kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Wameshona vizuri," akasema. "Uzi huu haukatiki."

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila kidole kilichogusa kilikuja na upendo, ila upendo huo ulikuja pamoja na samaki, vumbi na mpini wa pikipiki. Plasta ikapoteza gundi, na Reath akaibandika kwa utepe wa dukani, ule wa kufungia vifurushi. Onyesho likaendelea.

Halafu mshono ukaanza kuwaka. Kwanza joto kidogo, akasingizia jua la Juba. Kisha shashi iliyo chini ya plasta ikawa inalowa, na harufu ikatoka ambayo haikuwa ya samaki. Reath akajipulizia manukato ya kinyozi na kuhama upande wa pili wa mkeka. Usiku alitetemeka kwa baridi katika mji usiojua baridi. Alijua kuna jambo. Lakini kulisema kulimaanisha kurudi kukatwa, na alimkumbuka jirani mmoja aliyerudishwa wodini akatoka amefunikwa shuka. Tena angemwambiaje Nyabol kwamba wageni wake ndio waliomletea balaa hili? Akameza vidonge vyake, akanyamaza.

Sasa, katika ua ule ule aliishi Kawira, mwalimu kutoka Meru, ambaye kwa Reath alikuwa chakula cha kila jioni. Hakupita bila kusemwa: viatu, mkoba, namna anavyotamka "ndizi". Jioni hiyo Kawira alikuwa anafumua rasta, akaishiwa maji akiwa nusu, akatoka na ndoo hivyo hivyo: upande mmoja umelala kwa adabu, mwingine umesimama kama umeona mwizi. Alimwona Reath kwenye mkeka, akajua leo utani utammaliza. Akasimama kabisa, akaweka mkono kiunoni, akangoja.

"Habari za jioni, Mwalimu," akasema Reath.

Kawira akangoja zaidi. Hakuna kilichofuata.

"Kinyozi, hebu niangalie."

"Nimekuangalia."

"Na huoni kitu?"

"Umependeza," akasema Reath, na kufumba macho.

Kawira akaweka ndoo chini. "Mama Nyabol!" akaita. "Njoo upesi! Huyu mtu ni mgonjwa sana!"

"Si tunajua ni mgonjwa?" Nyabol akatoka na birika. "Kwani hawa wageni wamekuja harusini?"

Kawira akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akapiga magoti. "Fungua shati."

"Onyesho limefungwa."

"Umewafungulia Juba nzima, mimi ndiye utanifungia? Fungua!"

Alifungua. Nyabol akaliweka birika chini kwa mikono miwili. Ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu inayong'aa, na kati ya nyuzi usaha ulikuwa unachungulia.

"Wangapi wamekugusa hapa?" Kawira akauliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Sikuhesabu."

"Kinyozi, mashine ikipita kwa vichwa vyote hivyo bila spiriti, wewe ungemnyoa nani nayo?"

Reath akatazama mikono yake ya kinyozi.

"Hakuna," akasema. "Hata adui." Kisha akaongeza, "Mwalimu, mimi naogopa."

Basi Pal akaitwa. Alifika na kofia ya sufu mpaka masikioni, kwa maana alikuwa amekataa kinyozi mwingine amalizie kilichoanzwa na Reath. "Mimi nangoja wewe," akamwambia akimwinua. "Wewe ukikufa, mimi iko na kichwa nusu mpaka mbinguni. Panda!"

Getini wakakutana na kundi jipya la wageni, wamebeba sukari na mtoto mchanga. Nyabol aliwatazama. Maisha yake yote hakuwahi kumrudisha mtu mlangoni. "Malesh, samahani," akawaambia, machozi yanamtoka. "Leo hapana. Rudini." Akapanda raksha, kando ya Kawira.

Hospitalini walizifungua baadhi ya nyuzi, wakatoa usaha, wakasafisha, wakamtundikia dripu. Reath alipiga kelele ambazo zingeweza kutangaza mkutano. Daktari alipomaliza akamwambia Kawira kuwa uchafu haujaingia ndani ya tumbo. "Lakini ulikuwa njiani. Mngengoja zaidi, ungeingia kwenye damu, na mimi ningekuwa naongea na ndugu zake tu."

Alipokaribia kuruhusiwa, nesi mwenye kicheko kizuri akarudi na maelekezo yale yale. Reath hakukitafuta kicheko. Mikono inawe kwanza, ya kila mtu, hata yake. Kidonda kikae kikavu, kifunikwe, kifunguliwe tu na mwenye kukisafisha zahanati. Joto, wekundu, uvimbe, harufu, homa: arudi siku hiyo hiyo, asingoje kuombewa kwanza. Akayarudia yote kwa sauti, neno kwa neno. Nesi ndiye aliyecheka.

Nyumbani Nyabol akahamishia kiti chake getini. Pembeni aliweka jerikani la maji, beseni na kipande cha sabuni. "Mgonjwa yupo, anawapenda," aliwaambia wageni. "Lakini anasalimiwa kwa mdomo. Nawa, kaa pale." Mjomba Gatdet alifura, akasema hajawahi kuona damu yake inaogopa damu yake.

"Mjomba," Reath akaita kutoka kivulini, "dole gumba lako nalipenda. Libaki Rejaf."

Gatdet akatazama bandeji, akatazama dole gumba lake. Akanawa mpaka mabegani. Akaketi mbali, na tangu hapo akawa anamjulia hali kwa kupiga kelele kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Kidonda kilijaa polepole kutoka chini, kikafunga, kikaacha kovu baya ambalo hakumwonyesha mtu. Siku aliporudi kazini, wa kwanza kuvua kofia alikuwa Pal. Reath akaipangusa mashine kwa spiriti, akapangusa tena, akaumaliza ule msitu kimya kimya, na Pal alipoingiza mkono mfukoni kutoa pesa, akausukuma.

Kawira alikuwa anapita kutoka shuleni, rasta mpya zimenyooka.

"Mwalimu!"

"Haya, sema. Nimejiandaa."

Reath alisimama mlangoni na mashine mkononi. Alikuwa na kejeli mbili tatu nzuri kuhusu rasta za jioni ile, alizozilea tangu hospitali. Zikamkwama.

"Asante," akasema. "Usingesimama na ile ndoo, leo nisingekuwa hapa. Asante sana."

Kawira akangoja mkia wa sentensi. Haukuja. Akaangusha mkoba, akamshika Reath paji la uso kwa kiganja, akageuka.

"Pal! Washa raksha!"