Maji Yanayotii Rangi

Ulipita. Usikatae. Ulipita Kalundu, mtaa wa bandarini Uvira, juu ya pikipiki, umekunja miguu ili viatu visilowe, ukainamia simu yako mpaka mwenye pikipiki alipofika pakavu. Upande wako wa kushoto nyumba mia na kitu zilikuwa zimesimama ndani ya ziwa kama ng'ombe waliokuja kunywa. Ukasema ni mambo ya Mungu, ukaendelea na safari. Basi, kwa kuwa hukutazama, utasimuliwa.

Nyumba ya kumi na moja toka barabarani ilikuwa ya Blandine, ambaye mtaani wanamwita Mama Délice kwa jina la binti yake wa kwanza. Jumanne moja ya mwezi wa nne, asubuhi, alikuwa mbele ya tanuri lake, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akitoa mikate kwa koleo la mti. Tanuri lilikuwa la matofali ya kuchoma, na alilijenga kwa mikono yake mwaka ule aliofiwa na mume. Mdomo wa tanuri ulikuwa usawa wa kitovu. Blandine alijua jambo moja: siku maji yatakapoingia kwenye mdomo ule, udongo wa ndani utalainika, kuba litaanguka, na hatapata nguvu ya kujenga jingine. Godoro likilowa hukauka. Bati likipata kutu hubadilishwa. Tanuri likinywa maji limekufa, na ndilo lililokuwa likiwalisha watu wanne wa nyumba ile.

Asubuhi hiyohiyo Tume ya Kando ya Ziwa ilituma mtu wa kupima. Aliitwa Donatien. Alikuwa na buti za mpira, daftari, brashi, na kopo la rangi nyekundu. Kazi yake ilikuwa kuchora mstari ukutani, mahali maji yalipofikia, ili ripoti ipelekwe kwa wafadhili.

Watu wa mtaa walimfahamu. Miaka kumi na miwili nyuma, akiwa na shati la ofisi nyingine, ndiye aliyewapimia viwanja vile kwa kamba, akasimika mawe ya pembeni, akawaapia kwamba pale ni pakavu mpaka wajukuu. Wao walikumbuka. Yeye hakukumbuka.

"Mulijenga ndani ya ziwa," aliwaambia.

"Na weye ndiye ulitupimia," alisema Octave, jirani wa Blandine, mzee aliyebeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukakataa.

"Minye? Ile ilikuwa service ingine, papa."

Habari ilikuwa imetangulia kutoka Nyakabere, ambako mto Ruzizi ulimeza mashamba ya mihogo. Kule, walisema, wenye mstari juu ya goti walipata hema na maharage. Wenye mstari wa chini walipata pole. Kwa hiyo mtaa mzima ulimpokea Donatien vizuri. Huyu alileta kuku, yule mkungu wa ndizi. Blandine alileta mikate miwili ya moto.

"Chef, pandisha kidogo."

"Mpaka wapi, mama?"

"Hata kwa goti. Batoto iko munane mu nyumba."

Walikuwa watatu. Donatien aliuma mkate, akafikiri.

"Kwa goti ni hii miwili. Ukitaka kwa paja, lete wa tatu."

Akaleta wa tatu, naye akachora ukutani usawa wa paja.

Saa tisa mchana maji yalipanda mpaka ukingo wa chini wa mstari, yakasimama. Hayakuzidi hata unene wa ukucha. Pale mkono wa Donatien ulipotetemeka, maji nayo yalikaa yametetemeka. Kwa Octave, ambako Donatien alichora huku akibishana na mke wake kwenye simu, mstari ulikwenda mshazari, na maji yakakaa mshazari: mengi upande wa kitanda, machache upande wa mlango. Octave akahamishia kiti chake mlangoni.

Hakuna aliyepiga kelele. Ziwa lilikuwa limeishi kando ya mji ule miaka yote bila kibali. Sasa limepata kibali chenye rangi ya serikali, linakitumia. Nani Uvira asiyetumia kibali akikipata?

Hema hazikuja. Baada ya wiki mbili Donatien alirudi na kopo jipya.

"Critères za kupata hema zimebadilika," alisema. "Sasa ni kiuno."

Mtaa ukalipa tena, kuku kwa kuku. Blandine peke yake alikataa, kwa sababu kati ya kiuno na mdomo wa tanuri palikuwa na vidole vitatu tu.

"Minye niachie palepale kwa paja," alisema. "Sitaki hema tena."

"Haiwezekani, mama. Mtaa lazima iwe sawa. Rapport haipendi mabonde."

Akachora bure, akaona amemfanyia wema. Maji yakapanda. Tangu siku hiyo Blandine alioka akiwa amezama mpaka kiunoni, samaki wakipita katikati ya magoti yake. Mikate ilikuwa na harufu ya ziwa. Abiria wa maboti waliinunua hivyohivyo, na mmoja wao alisifu chumvi.

Alivumilia siku tisa. Siku ya kumi, ilikuwa Jumapili, alirudi kutoka misa, akavua kitambaa kizuri, akashika kisu cha jikoni na kukwangua mstari mpaka plasta ikatoka. Kisha akafungua kopo dogo alilochukua dukani kwa Nkeshimana, akainama, akachora mstari mpya chini kabisa, usawa wa sakafu. Kabla hajafunga kopo, maji yalikuwa yameshuka. Yaliacha sakafuni samaki wadogo wa ndagala, ndala moja, na sahani ya mtu wa Bujumbura iliyoandikwa jina lake.

Octave alichungulia.

"Mama Délice, ile rangi iko ya wapi?"

"Ya Nkeshimana. Lakini unyooshe mustari, papa, usichore kama yule wa simu."

Kufikia Jumatatu jioni Nkeshimana hakuwa na rangi nyekundu hata ya kupaka ukucha. Mtaa mzima ulikwangua na kuchora. Wenye tamaa walichora chini ya msingi, wakapata ua mkavu, wakaufagia mara mbili kwa furaha. Ziwa lilirudi nyuma mpaka lilipokuwa siku viwanja vilipouzwa. Blandine alikausha kuni, akawasha, na moshi wa tanuri ukatoka mweupe kama zamani.

Jumatano Tume ilikuja. Safari hii alikuja Président wa Tume mwenyewe, mtu mrefu mwenye viatu vya ngozi, na mapolisi wanne. Alitazama mtaa mkavu kwa uchungu, kama mtu aliyekuta nyumba yake imevunjwa.

"Nani amekausha hapa bila autorisation, bila ruhusa?"

Blandine alikuwa na unga mikononi.

"Ni minye nilianza, chef."

"Mama, wafadhili banakuja Ijumaa. Rapport inasema kiuno. Imeshafika Kinshasa. Weye unataka serikali ionekane ni ya bongo, ya kudanganya?"

"Lakini tuko bakavu, chef. Si ndiyo mulikuwa munatafuta?"

"Kukausha batu ni kazi ya projet, mradi wa wafadhili. Projet bado haijaanza."

"Basi tuandikieni barua," alisema Octave. "Tutajilowesha wenyewe kwa ndoo, tukifuata orodha."

Polisi mmoja alicheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

Président aliomba brashi. Ukuta wa Blandine ulikuwa umekwanguliwa sana, haukushika rangi. Akatafuta mahali pengine, akaona uso wa tanuri, laini na mkavu. Kwa vile alikuwa mrefu, na kwa vile hakupenda kuinama, mkono wake uliangukia juu ya mdomo, penye paji.

Blandine alisimama katikati.

"Chef, si kwa tanuri. Chora kwa kitanda. Chora kwa mulango. Ukikosa kabisa, chora hapa." Akaweka kiganja chenye unga kifuani mwake. "Chora kwangu minye, nitasimama ndani mpaka bachoke kupiga picha."

"Mama," alisema Président, na sauti yake ilikuwa ya upole, "Tume haichori juu ya batu. Sisi si wanyama."

Mapolisi walimsogeza. Mstari ulichorwa vizuri, umenyooka, kazi ya mtu aliyesoma. Maji yaliingia kabla hajafuta brashi. Tanuri lilikuwa linawaka. Lilitoa sauti ndefu, mvuke ukajaa nyumba, na baada ya saa moja kuba lilikaa chini polepole. Mikate iliyokuwa ndani ilielea, ikatoka mlangoni mmoja nyuma ya mwingine. Ijumaa wafadhili waliikuta bado inazunguka uani, imevimba. Waliipiga picha. Bibi mmoja alifuta machozi, akauliza kama ni desturi ya kwao.

Chakula cha mchana walikula kwenye hoteli ya Président. Iko mchangani, mbele ya mawe yote ya pembeni, chini kuliko nyumba yoyote ya Kalundu. Ziwa limesimama kuizunguka, juu kuliko meza, wala haliingii, kwa sababu kuta zake ni nyeupe na Tume haijawahi kuzichora. Wageni wanakula huku samaki wakiwatazama kwa ubavu. Kila asubuhi mfanyakazi mmoja hupitisha kitambaa kwenye uso wa maji, kama anavyofuta kioo.

Blandine sasa anauza mikate ya mwanamke mwingine, wa mtaa wa juu, na anaibeba kichwani kwa sababu kwake hakuna pa kuiweka. Nkeshimana amekatazwa kuuza rangi nyekundu kwa mtu asiye na barua. Haidhuru. Juzi Blandine alijaribu kwa kipande cha mkaa, kwenye ukuta wa choo, na maji yalitii vilevile. Mtaa mzima unajua; unajua pia kwamba ukijikausha tena, mapolisi watarudi. Wamejaribu kufika hotelini na mkaa mara tatu, na mara tatu mlinzi amewarudisha langoni, kwa sababu nguo zao zinachuruzika na zingeharibu sakafu.

Jumatatu Tume inarudi Kalundu. Critères zimebadilika tena. Sasa ni juu ya milango.

Lakini wewe ni mkavu. Mlinzi atakufungulia, atakuita patron, atakuonyesha ukumbi wa mikutano. Mkaa unapatikana kila kona ya Uvira. Chukua kipande, nenda leo, si kesho, ingia kwa mlango wa mbele, na ukutani, nyuma ya kiti cha Président, usawa wa shingo yake akiwa amekaa, chora.