Mabakuli Sitini na Mkono Mmoja

Jumanne ya tarehe kumi na nne Machi ndiyo siku Mzee Pyo Gwang-sik alipojiumbua mwenyewe. Kabla ya hapo, kila baya lililotokea mjini Daejeon, Korea, lilikuwa kosa la ofisi ya kata.

Wiki moja nyuma alitaka nembo ya kibanda chake cha tambi sokoni. Akawapigia wachoraji wanne na sharti moja: kila mtu alete mchoro, atakayempendeza ndiye atakayelipwa. Watatu wakakata simu. Wa nne, Tak Ye-rin, akaja kuomba nusu kwanza.

"Nusu ya nini, binti? Nani analipia kitu hajakiona?"

Ye-rin alikuwa amebanwa na kodi ya nyumba, akachora. Akaleta mkono wa kike uliojaa unga hadi kifundoni, umeshika kisu cha kukatia tambi. Aliutoa kwenye picha ya marehemu Ok-bun, mke wa mzee, iliyotundikwa juu ya jiko. Gwang-sik akautambua papo hapo. Lakini alijiona mfanyabiashara mjanja. "Nitafikiri," akasema.

Ikaja hiyo Jumanne. Kata ilitafuta mpishi wa sherehe ya maua: vibanda vinne, kila kimoja kilete mabakuli sitini, kitakachopendeza ndicho kitakacholipwa. "Wezi wa mchana!" alifoka Gwang-sik, huku akikanda unga tangu alfajiri, maana ushindi alishaufanya wake. Wakubwa wakala, wakanywa mchuzi, wakafuta midomo. Kazi akapewa shemeji wa katibu wa kata.

"Na tambi zangu?"

"Tamu kweli, mzee wetu. Ila masharti uliyasikia."

"Mmelamba hadi bakuli!"

"Si ulikubali mwenyewe?"

Akarudi akiburuta masufuria matupu. Mlangoni alimkuta Ye-rin. Muuza maandazi wa jirani alikuwa ameupenda ule mkono, na nusu ya pesa alikuwa tayari kuitoa siku hiyohiyo; binti alikuja kuuliza kwanza, kwa heshima ya marehemu. Lakini mzee hakumpa hata nafasi ya kumaliza salamu.

"Wanakwambia fanya kwanza, tukipenda tutalipa! Ni watu hao? Wanakula jasho la mtu, halafu wanasema..."

Hapo akakumbuka anaongea na nani.

"Watafikiri?" Ye-rin akamsaidia, kisha akamweleza habari ya jirani.

"Mkono wa Ok-bun hauendi popote!" Gwang-sik akalipapatikia kopo la pesa. Akatoa nusu. Kwa mwandiko wake wa darasa la tatu akaandika kwamba nusu ya pili ni siku nembo ikipanda ukutani, na mchoro wowote wa ziada utalipwa, upendeze usipendeze.

Mkono uko juu ya mlango sasa, na wateja wanausifia. Yeye kila akiinua macho anamsikia binti yule, akikunja noti na kuuliza bila hasira:

"Mzee, kata wangekulipa leo, mimi ungenilipa?"