"Haya" ya Fundi Vioo

Mpokea simu mstaafu alikaa kwenye benchi la ofisi ya usuluhishi, mkono juu ya kichwa cha mbwa wake. Haoni tangu utotoni. Mbwa huyo alipewa na chama cha wasioona, naye ndiye anayemtoa nyumbani na kumrudisha. Mzee alikuwa amechoka hata kabla maneno hayajaanza.

"Kioo cha kabati la mteja kimekuwa unga," fundi vioo alisema. "Mbwa kaingia mzimamzima, kama hakuna kitu mbele."

"Mbwa ana ruhusa ya kuingia dukani," msuluhishi alijibu, kwa sauti ya mtu anayerudia jambo lile lile kutwa. "Ila akivunja, anayewajibika ni mwenye mbwa. Labda ionekane kosa ni la mwingine."

Mpwa wa mzee, binti aliyemsindikiza, alikuwa anangojea hapo. "Fundi, mjomba alipofika mlangoni ulimwambiaje?"

"Nilimkaribisha. Nilisema, haya mzee, pita."

Mkanda wa mbwa ukakazika. Mbwa alikwisha simama, akamvuta mzee hadi akainuka nusu.

"Mmeona?" mpwa alisema. "Neno lake hilo la kwanza ndilo amri ya mbwa ya kwenda. Fundi ndiye aliyemwamuru mbwa."

"Kwa hiyo siku hizi nikate leseni ya kukaribisha wateja?"

Msuluhishi hakucheka. Hoja ya mpwa ina uzito, alisema, na akiikubali ataiandika ilivyo: mbwa huyu anatii amri ya yeyote. Chama kikisoma hivyo kitamchukua mbwa kumfundisha upya. "Na wanaochukuliwa, mzee, sijasikia aliyerudishwa."

Mzee akashusha pumzi. Aliikumbuka miaka ya kukaa ukumbini amevaa viatu, akisubiri mtu apate nafasi ya kumshika mkono.

"Andika kwamba neno hilo nililitamka mimi," alisema. "Mimi na fundi tulilisema pamoja. Kioo nitakilipa."

Pale mlangoni mzee hakuwa amefungua mdomo, na fundi alilijua hilo vizuri.

"Inawezekana," fundi alisema polepole. "Mashine ya kukatia vioo ilikuwa inaunguruma, sikusikia vizuri."

"Mjomba, tulishashinda," mpwa alinong'ona.

"Tulishinda, sawa. Na kesho sokoni utanipeleka wewe?"

Kalamu ya msuluhishi ikaanza kukwaruza karatasi.