Dada Mtu na Usingizi wa Kinyozi

Kinyozi alipowekewa goti la bandia, mkewe aliapa kwamba hatauguzwa na mkono mwingine. Naye si mtu wa maneno matupu. Ni fundi cherehani, na kabla mume hajatoka hospitali alikuwa ameshamshonea mto mnene wa kuegemeza goti, wenye tarizi pembeni. Mchana alifunga mapazia, akazima cherehani, akawarudisha wateja mlangoni ili mgonjwa alale. Usiku mgonjwa akabaki macho kodo.

Ndipo akaja wifi, dada wa Kinyozi, mwanamke wa vishindo, akahamia chumba cha mgonjwa eti ampumzishe mwenzake. Kwanza akautoa ule mto. Nesi alishasema goti likilala limekunjwa litakakamaa, mto uwekwe chini ya kisigino, mguu unyooke. Mchana akafungua mapazia, akamwinua kaka yake atembee na magongo. Dawa ya maumivu akampa kabla ya kulala, si baada ya kuanza kugumia. Na Kinyozi, bila haya, akalala mpaka kukapambazuka.

Wote walifurahi isipokuwa mmoja. Wivu, jamani, ni ugonjwa! Wifi alipokuwa jikoni akisimulia jinsi kaka yake alivyolala, mke alisukuma kando bakuli lake la uji. Kitanda kimoja miaka yote ile, leo ananyang'anywa mume na dada mtu! Akaomba zamu yake. Akafuata yote, mto kisiginoni, dawa mapema. Mume hakupata hata lepe la usingizi. Asubuhi, kwa upole wa kuudhi, Kinyozi akasema labda dada aendelee tu mpaka apone.

Hapo mke akapasuka. "Dada yako ana nini ambacho mimi sina? Niambie leo."

Kinyozi aliyatazama magongo yake. "Yeye akilala anakoroma. Nikimsikia najua hakuna anayenichunga, nami nalala. Wewe nikigeuka tu, 'Unaumwa?' Nikinyamaza, 'Umelala?' Sasa nilale saa ngapi, mke wangu?"

Mke aliinuka. Alikwenda kwenye cherehani yake, akalia kidogo, akafuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Jioni akamwambia wifi, kwa heshima zote, kwamba leo analala yeye na mumewe.

Alizima taa akampa mume mgongo. Mume akagumia. Swali likamfika mke mdomoni, akang'ata shuka. Kisha akaanza kukoroma, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, uongo mtupu, mpaka koo likamkauka. Pumzi za Kinyozi zikawa nzito, na hata hapo hakuthubutu kuacha.

Asubuhi Kinyozi alimlalamikia dada yake kwamba mkewe naye siku hizi anakoroma, tena anamshinda hata yeye dada. Wifi akacheka, akasema basi mgonjwa amepona, akaanza kukusanya nguo zake. Mke, macho mekundu kwa kukesha, akamshikia begi.