Marehemu Lucjan na Nafasi ya Gari

Theluji ya kwanza ya maana ilianguka wiki ile ya Krismasi, na kulipokucha mtaa wetu, upande wa kusini-magharibi wa Chicago, ukatoa viti nje. Kila aliyechimbua gari lake aliweka kiti cha jikoni kwenye nafasi aliyoisafisha, akaenda kazini akijua jioni ataikuta. Asiye na kiti aliweka ubao wa kupigia pasi. Ofelia Barragán, wa ng'ambo ya barabara, aliweka sanamu ya Mtakatifu Yosefu aliyevunjika pua, na hakuna aliyethubutu kumsogeza. Sheria hii haijaandikwa popote na polisi hawaitambui, lakini inaheshimiwa kuliko amri kadhaa za kanisani: aliyepiga beleshi ndiye mwenye nafasi. Anayeondoa kiti cha mwenzake na kuegesha hapo hulikuta gari lake asubuhi limemwagiwa maji, limeganda zima kama samaki wa kwenye friji, na mlango haufunguki tena mpaka majani yachipue.

Kwenye vibustani vya mbele, akina Baba Krismasi wa plastiki, wale wanaojazwa upepo jioni, walikuwa wamelala kifudifudi juu ya theluji kama walevi waliokosa nauli. Ndivyo wanavyokuwa mchana. Hakuna anayewajali.

Bronia Gawron alikuwa jikoni akiloweka uyoga mkavu wa supu ya mkesha alipomwona mumewe dirishani. Lucjan alikuwa nje, anapiga beleshi. Alivaa suti ya kahawia aliyozikwa nayo mwezi wa pili, bila koti, bila glovu. Alifanya kazi kama alivyofanya siku zote: anaikata theluji kwa mistari, anaitupa kushoto, kisha anauegemea mpini kidogo na kutazama alichokifanya. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba mdomoni mwake hamkutoka mvuke.

Bronia alifuta mikono kwenye aproni, akapanda ghorofani kwa binti yake.

"Renata, baba yako yuko nje."

Renata alikuwa anatafuta soksi ya pili. "Nje wapi?"

"Barabarani. Anasafisha nafasi ya gari."

Renata akachungulia dirishani. "Na kofia hana," alisema. "Huyu mzee hasikii. Tangu zamani hasikii."

Mume wa Renata, Terry Scully, alikuja na mswaki mdomoni. Alitazama kwa makini, akautoa. "Amefika mpaka kwenye lami," alisema. "Mnaona? Sisi wengine tunakwaruza juu juu tu. Mzee ni mzee."

Akaenda kuvaa akipiga mluzi, maana siku hiyo asingechelewa kazini.

Nyumba ile waliinunua wazee, Lucjan na Bronia, enzi ambazo Lucjan alikuwa fundi wa mabomba. Renata na Terry walikuja kukaa kwa muda mfupi, wakisubiri kupata kwao. Muda ukawa mrefu, wazee wakahamia chumba cha chini ya ardhi, pembeni ya tanuri la kupashia nyumba joto, na kila mtu akasema huko chini ndiko kwenye joto zaidi. Hilo lilikuwa kweli.

Terry alipoondoka, Lucjan alitoa kiti cha jikoni, akakiweka katikati ya nafasi, akakaa. Alikaa mchana kutwa, mikono magotini. Theluji ilimwangukia na haikuyeyuka. Jioni, taa za gari la Terry zilipotokea kona, alisimama, akasogeza kiti pembeni, akaanza kumwelekeza kwa mkono: njoo, njoo, kata, basi. Terry akashusha kioo. "Asante, mzee," alisema. Lucjan akaitikia kwa kichwa na kuanza kuondoa theluji iliyodondoka kutoka kwenye matairi.

Mtaa ulilipokea jambo hilo vizuri. Ofelia alivuka barabara na kikombe cha chokoleti ya moto, akakiweka karibu na mguu wa kiti, kikaganda.

"Don Luciano, hujambo?" alisema, akimwita kwa Kihispania chake.

"Sijambo."

"Huko ulikokuwa kuna baridi kama hii?"

"Hakuna."

"Sasa umerudi kutafuta nini, mwanamume wewe? Mimi ningekuwa wewe hata salamu msingepata."

"Nimalize hapa kwanza," Lucjan alijibu, na kwa wiki ile nzima hilo ndilo alilomjibu kila mtu.

Haukupita muda watu wakaanza kuona wivu. Kiti huibiwa. Ubao wa pasi hupeperushwa na upepo mpaka mtaa wa pili. Marehemu haibiwi. Bwana Finnerty wa nyumba ya kona, ambaye alikuwa hajamsalimu Terry tangu ugomvi wa mti ulioangukia uzio, alikuja na chupa ya wiski na kuuliza kama mzee angeweza kumalizia na upande wake. Terry alisema atamwangalizia. Padri Zenon naye alipita. Aliuliza kama marehemu aliungama kabla ya kufa, akaambiwa aliungama Jumapili ya mwisho. Padri aliridhika, kisha akasema ngazi za kanisa zimekuwa hatari sana, akina mama wanateleza. Terry alimwahidi kumpeleka mzee siku baada ya Krismasi.

Bronia peke yake ndiye aliyetaka kitu kingine. Alitaka Lucjan aingie ndani, aketi, ale chakula cha mkesha mpaka mwisho. Krismasi iliyopita mzee alikula supu iliyopoa, amesimama karibu na mlango, buti miguuni, kwa sababu theluji ilikuwa haikatiki na Terry alikuwa na safari. Bronia alijiambia mwaka unaofuata atamketisha. Mwaka uliofuata alikuwa kaburini.

Na nafasi yake ilikuwepo, tena halali kabisa. Katika nyumba za Wapolandi kama wao meza ya mkesha huandaliwa sahani moja ya ziada, ya mgeni asiyetarajiwa. Yeyote atakayebisha hodi, ni yake. Miaka yote ile mgeni hakuwahi kutokea, isipokuwa mara moja msoma mita ya gesi, naye alisema ameshakula.

"Kesho sahani ile ni ya Lucjan," Bronia alitangaza.

"Mimi sina neno, Mama," Terry alisema. "Ila Maureen dada yangu anakuja na mumewe na watoto, kutoka Joliet. Wataegesha wapi? Juu ya mti?"

"Si kiti kipo?"

"Kiti kinasogezwa, Mama. Mzee hasogezwi."

"Akimaliza ataingia mwenyewe," Renata alisema. "Si unamjua Baba?"

"Alikufa na beleshi mkononi, hajamaliza," Bronia alisema.

"Basi ndiyo anamalizia sasa," Renata alisema, akaendelea kufunga zawadi.

Siku ya mkesha anga lilishuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba, kijivu kama maji ya kufulia, na theluji ikaanza tena tangu saa za chakula cha mchana. Desturi inataka watu wasile mpaka nyota ya kwanza ionekane. Chicago, mwezi wa kumi na mbili, nyota ya kwanza ni ndege inayoshuka uwanja wa Midway, na sisi tumezoea kuanza na hiyo. Bronia alitandika majani makavu chini ya kitambaa cha meza, kukumbuka hori alimolazwa Mtoto Yesu. Alipanga sahani. Ya ziada aliiweka karibu na yake. Kisha, wakati mwanga ukiisha, akajifunga skafu akatoka nje.

Lucjan alikuwa kwenye kiti. Theluji ilikuwa imemfika mabegani, imetulia vizuri kama inavyotulia juu ya uzio. Bronia alimkung'uta kwa kiganja.

"Kifua bado kinauma?" aliuliza.

"Kiliacha."

"Hukuniambia kama kilikuwa kinauma."

"Nilimwambia Terry," alisema Lucjan. "Alikuwa ndani ya gari, anapasha injini. Nikagonga kioo. Nikamwambia kifua kinanibana, na mkono huu siusikii. Akasema nimalize hapa kwanza, kachelewa."

Bronia alikuwa ameyasikia maneno yale wiki nzima akidhani ni ya mumewe. Alisimama palepale, mkono bado begani kwa Lucjan, mpaka vidole vikafa ganzi.

"Njoo ndani, Lucek," alisema, kwa jina alilomwita wakiwa wawili tu.

"Wageni hawajafika."

Wakafika muda huohuo. Lucjan alisimama, akasogeza kiti, akaliingiza gari la Maureen kwa mkono: njoo, njoo, kata, basi. Watoto wakashuka wakigombana. Mume wa Maureen alimpigapiga mzee mgongoni akasema heri ya Krismasi, kisha akaifuta glovu yake kwenye koti.

Ndani, kabla ya kula, waligawana ule mkate mweupe mwembamba unaotolewa kanisani. Kila mtu humega kipande kwenye mkate wa mwenzake, watu hutakiana afya, na kama kuna kinyongo huachwa hapohapo. Bronia alifika mbele ya mkwewe. Hakumega.

"Alikwambia kifua kinambana," alisema.

Terry alikuwa ameshatanguliza mkono. Hakuurudisha. "Aliniambia," alisema. "Nilikuwa nimechelewa, Mama. Na siku ya theluji nani hasemi anaumwa? Mimi hapa mgongo wangu haunipi raha tangu Novemba."

"Na hukusema kwenye msiba."

"Ningesema nini? Alikuwa ameshakufa."

Renata alitazama meza. "Mama, samaki anapoa," alisema. Alikuwa samaki wa chumvi, wa kuliwa baridi.

"Hii mikate ni mizuri," Maureen alisema. "Haina hata ladha. Mnaipata wapi?"

Terry, kuona mkono unachoka, alimega mwenyewe kipande kwenye mkate wa mama mkwe wake, akamtakia afya njema, akakila.

Supu ilikuwa inapakuliwa waliposikia hodi. Bronia ndiye aliyefungua. Lucjan alifuta viatu vyake vya kuzikiwa kwenye mkeka, akapita nyuma ya migongo ya watu akiomba radhi, akaketi kwenye nafasi ya mgeni. Watu walimsogezea chumvi. Mtoto mmoja wa Maureen aliuliza kama amekufa, akaambiwa ndiyo, asinyooshe kidole.

Bronia alimjazia sahani. Supu ya uyoga, nzito, inatoa harufu ya msitu. Lucjan alishika kijiko, akakipuliza kwa mazoea ingawa hakuwa na pumzi ya kupulizia, akanywa. Akanywa tena. Bronia hakula. Alikuwa ameuegemeza mkono wake karibu na wa mumewe juu ya kitambaa, na chini ya kitambaa majani yalikuwa yakilia kidogo kila mmoja alipojisogeza. Sahani ya Lucjan ilikuwa bado haijafika nusu.

Ndipo greda la jiji lilipopita. Lilitikisa vikombe kabatini, likasukuma theluji yote ya katikati ya barabara na kuirundika ubavuni mwa magari, kama kawaida yake.

"Greda nalo," Terry aliiambia supu yake. "Usiku likiganda lile ni zege. Maureen ataondokaje?"

"Si tutalala tu," Maureen alisema.

"Mtalala wapi? Nyumba imejaa."

"Mimi ningetoka," alisema mume wa Maureen, "ila nimekuja na viatu hivi."

"Na mimi mgongo," Terry alisema.

Hakuna aliyemtazama Lucjan. Kila mtu aliitazama sahani yake kama mtu anayetafuta mwiba. Lucjan aliweka kijiko chini.

Bronia alimshika mkono wa suti. "Hajamaliza kula," alisema kwa sauti ya kusikika meza nzima. Alingoja. Renata ndiye aliyeinuka, na mama yake akafikiri sasa atasema neno. Renata alikwenda kwenye kabati la makoti, akarudi na kofia ya sufu.

"Vaa basi hii, Baba," alisema. "Unatutia aibu kwa watu, kichwa wazi hivyo."

Lucjan alivaa kofia. Aliutoa mkono wake taratibu kwenye vidole vya mkewe, kimoja kimoja, akaomba radhi tena nyuma ya migongo ya watu, akatoka.

Bronia aliitazama supu mpaka ikafanya utando juu. Kisha alivua aproni, akavaa buti na koti, akachukua lile beleshi pana lililokuwa nyuma ya mlango. Renata alimuuliza anakwenda wapi. Alisema anakwenda kumsaidia mumewe, wakiwa wawili watamaliza mapema, naye atarudi kula. Renata alimwambia aangalie asiteleze.

Walianzia upande wa dereva. Theluji ya greda ni nzito, ina chumvi na kokoto, na Bronia alikuwa hajashika beleshi tangu akiwa msichana. Lucjan alimwonyesha: usiinue, sukuma; usitumie mgongo, tumia miguu. Baada ya muda alipata mwendo. Ng'ambo ya barabara Baba Krismasi wa Ofelia alikuwa ameshajaa upepo, amesimama wima na kutikisika, anapungia mkono barabara tupu.

Walipokuwa wamelizunguka gari karibu lote, mlango wa nyumba ulifunguka upenyo mdogo, wa kutosha kichwa tu, ili joto lisitoke.

"Mama," Terry aliita, "mkimaliza hapo, kuna na kwa Finnerty. Nilimwahidi."

Mlango ukafungwa. Bronia alimtazama mumewe, na mumewe akamwelekeza kwa kidevu: nyumba ya kona. Wakabeba mabeleshi yao wakaenda. Mezani, wageni walisogeza viti wakakaa kwa nafasi, na pierogi, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi, zikaanza kupitishwa.